Namna ya Kuufanya Mkanda wa Usalama Ukae Vizuri katika Gari Dogo la Michezo

Dereva anayetoka katika Premio au Vitz na kuingia katika gari dogo la michezo, iwe ni Mazda MX-5 ambayo kule Japani huitwa Roadster, Toyota MR-S, Daihatsu Copen au Toyota 86, huhisi tofauti ya mkanda wa usalama kabla hata hajatoka getini. Mkanda humkwaruza shingo, au humteleza begani, au humgandamiza bega kwa juu. Kifungio huwa kimezama pembeni mwa kiti asikifikie kwa urahisi. Na paa likikunjwa, utepe hupigwapigwa na upepo hadi abiria akachoka. Wengi huamua kuupitisha chini ya kwapa, kuulegeza kwa kibanio, au kuuacha kabisa, na hapo usumbufu mdogo hugeuka kuwa hatari ya maisha. Mwongozo huu unaeleza namna ya kuuondoa usumbufu huo bila kuupunguzia mkanda uwezo wake, kwa vifaa na mafundi wanaopatikana hapa Uganda.

Jambo la kushika tangu mwanzo ni kwamba mkanda hufuata njia uliyopewa, na njia hiyo hupangwa na kiti, na pete ya kuuongozea, na mahali bolti zake zilipofungwa. Ukishughulikia vitu hivyo kwa utaratibu, malalamiko mengi huisha bila kununua chochote. Ukianza kwa kununua vipambo na vibanio, utafunika tatizo na kuongeza jingine.

Kwa nini magari haya yana shida ya pekee

Katika gari la milango minne, pete ya juu ya mkanda imefungwa kwenye nguzo iliyo kati ya mlango wa mbele na wa nyuma, karibu na usawa wa sikio, na mara nyingi unaweza kuipandisha au kuishusha. Gari la paa la kukunja halina nguzo hiyo. Mkanda hutokea nyuma ya kiti, kwenye usawa wa bega au chini yake kidogo, na hauna marekebisho ya urefu. Mtu mfupi huona utepe ukimpitia shingoni; mtu mrefu, ambaye bega lake liko juu kuliko pale mkanda unapotokea, huona ukimvuta bega kwenda chini. Magari ya paa la chuma yenye milango miwili, kama Toyota 86, yana nguzo, lakini mlango ni mrefu kiasi kwamba nguzo imebaki nyuma sana, na kuufikia mkanda humlazimu dereva kujipinda mgongo.

Hapa kwetu kuna sababu ya ziada, nayo ni umri. Sheria iliyorekebishwa mwaka 2018 inazuia kuingiza nchini gari lililozidi miaka 15 tangu kutengenezwa, lakini magari mengi ya aina hii yaliingia kabla ya hapo. Mikanda yake imekula vumbi jekundu la barabara za marramu na kuoshwa na jasho kwa miaka mingi, na pengine gari limepita mikononi mwa mafundi wa bodi ambao waliufungua mkanda na kuurudisha bila uangalifu.

Mahali pake pa haki

Mhandisi wa Kiswidi Nils Bohlin alipoutengeneza mkanda wa nukta tatu, yaani unaofungwa garini mahali patatu, kwa ajili ya Volvo mwaka 1959, alichokilenga ni mwili kushikwa na mifupa yake yenye nguvu: nyonga, mbavu na mfupa wa bega. Vipande viwili vya mkanda, cha bega na cha nyonga, hukutana chini kabisa ubavuni mwa aliyeketi, na ndiyo maana kifungio kiko chini kiasi kile. Kipande cha chini kinatakiwa kilale kwenye mifupa ya nyonga, kikigusa mapaja, wala kisipande tumboni. Kipande cha juu kipite katikati ya mfupa wa bega, mbali kidogo na shingo, kisha kishuke katikati ya kifua. Utepe wote uwe bapa, bila kujisokota, na usiache nafasi kati yake na mwili.

Nafasi hiyo, yaani ulegevu, ndiyo adui mkubwa kuliko wote. Gari likigonga, mwili huendelea mbele kwa kasi ileile hadi mkanda utakapoudaka. Kadiri mkanda ulivyolegea, ndivyo mwili unavyoanza kupunguza kasi kwa kuchelewa, na ndivyo nguvu ya kudakwa inavyokuwa kubwa katika muda mfupi zaidi. Katika gari dogo, usukani na kioo viko karibu sana, hivyo hakuna sentimita za kupoteza. Kila pendekezo lililo hapa chini limepimwa kwa swali moja: je, linaongeza ulegevu au kuuhamisha mkanda kutoka kwenye mfupa? Likifanya hivyo, silitaji isipokuwa kwa kulikataza.

Anza na kiti

Keti ukiwa umesukuma makalio hadi mwisho wa kiti. Hili linaonekana dogo, lakini viti vya magari haya vimelala na vina kina, na dereva anayeingia kwa kujitumbukiza hubaki na pengo nyuma ya kiuno. Pengo hilo huifanya nyonga ijikunje kuelekea mbele, na kipande cha chini cha mkanda hupanda tumboni chenyewe. Baada ya kuketi, sogeza kiti hadi uweze kukanyaga klachi au breki mpaka mwisho huku goti likiwa limekunjwa kidogo.

Sasa inua egemeo. Madereva wengi wa magari ya michezo hupenda kulala, na warefu hulazimika kulala ili kichwa kisiguse paa. Tatizo ni kwamba egemeo likilala sana, mkanda wa bega huachana na bega na kuning'inia hewani mbele ya kifua, na gari likigonga mtu huteleza chini ya mkanda wa nyonga. Hapo utumbo na maini ndivyo vinavyopokea nguvu iliyokusudiwa mifupa. Inua egemeo hatua mojamoja, na kila hatua tazama kama utepe umegusa bega kuanzia juu hadi kifuani. Kipimo kizuri ni kunyoosha mkono juu ya usukani bila kuinua bega kutoka kwenye egemeo: kifundo cha mkono kiangukie juu ya ukingo wa usukani. Kati ya kifua chako na kitovu cha usukani ibaki nafasi ya sentimita 25 au zaidi, kwa sababu mfuko wa hewa unahitaji nafasi hiyo ili ufunguke.

Utashangaa ni malalamiko mangapi yanayoishia hapa. Mtu aliyekuwa akisema mkanda unamkata shingo hugundua kwamba alikuwa ameketi mbele mno na kwa kuinama, na mtu aliyesema unamteleza begani alikuwa amelala.

Kishikio kilicho begani mwa kiti

Magari mengi ya aina hii yana kishikio kidogo kwenye bega la kiti, cha plastiki au cha ngozi chenye kifungo cha kubonyeza, ambacho mkanda hupita ndani yake. Kazi yake ni kuuleta mkanda karibu na mkono na kuuongoza upite katikati ya bega. Katika magari yaliyotumika, kishikio hiki mara nyingi kimevunjika, kimepotea, au kimesahauliwa fundi wa viti alipobadilisha ngozi. Kiangalie kabla ya kufanya jambo jingine lolote. Ikiwa kipo lakini mkanda haupiti ndani yake, upitishe, kisha uvute na kuuachia mara kadhaa uone kama unarudi bila kukwama. Ikiwa hakipo, tafuta cha modeli ileile. Ni spea ndogo ambayo wauzaji wa Kisekka, soko la spea la Kampala, huweza kuichomoa kutoka kwenye kiti kilichovunjwa. Usikubali kutengenezewa kitanzi cha waya au cha kamba ya plastiki, kwa sababu kingo zake hukata nyuzi za utepe taratibu bila wewe kuona.

Katika gari lenye viti vidogo vya nyuma, mkanda hulazimika kutolewa kwenye kishikio ili mtu apite nyuma. Ukimaliza, urudishe. Na kama wewe ni mrefu, ukaona kishikio kinauvuta mkanda chini ya bega lako, jaribu kuupitisha nje yake na ulinganishe: uache pale ambapo utepe unalala katikati ya bega bila kuanguka.

Kishikio hichohicho ndicho dawa ya kwanza ya mkanda unaopigwa na upepo paa likiwa limekunjwa. Kwenye barabara ya kasi ya Entebbe kelele hiyo huchosha sana, na wapo wanaoupa mkanda msokoto mmoja nyuma ya bega ili utulie. Wasifanye hivyo, kwa maana mkanda uliosokotwa hubeba nguvu kwenye ukingo wake mwembamba na huingia mwilini kama kisu. Pandisha vioo vya milango, na ikiwa gari lina kizuia upepo nyuma ya viti, kisimamishe. Upepo unaorudi kutoka nyuma ndio unaoutikisa utepe, na ukizuiwa, utepe hutulia.

Kuusafisha, na kwa nini kunabadilisha kila kitu

Mkanda mchafu ni mzito, mgumu, na hauvutiki wala haurudi vizuri. Usiporudi vizuri huacha ulegevu begani, na ukiwa mgumu hukwaruza ngozi. Ninakushauri uusafishe kabla ya kuulaumu, na ufanye hivyo siku ambayo hutahitaji gari hadi kesho yake.

Vuta mkanda wote hadi mwisho, polepole. Ukifika mwisho, ubane kwa koleo la mbao au kibanio kikubwa cha nguo mahali unapotokea ili usirudi ndani. Chukua maji ya uvuguvugu na sabuni laini ya kuoshea vyombo, na brashi yenye nywele laini. Sugua kwa kufuata urefu wa utepe, kamwe usisugue kwa kukatisha, maana kukatisha huinua nyuzi. Maji yatakayodondoka yatakuwa na rangi ya chai ya rangi. Hilo ndilo vumbi la marramu lililokuwa likikukwaruza shingo. Futa kwa kitambaa chenye maji safi, rudia mpaka kitambaa kibaki cheupe, kisha uache ukauke kivulini, vioo vikiwa wazi kidogo, mpaka uwe mkavu kabisa. Usiurudishe ndani ukiwa na unyevu, kwa sababu utaota ukungu na kulishambulia chuma cha ndani. Jik na dawa nyingine za kuondoa madoa hudhoofisha nyuzi, kwa hiyo ziache kabisa, pamoja na rangi ya kupaka na petroli. Usiukaushe kwa jua kali wala kwa mashine ya kukaushia nywele.

Wakati utepe unakauka, tazama pete au mwanya unaopitia. Mahali utepe unapoteleza utaona utando mweusi unaong'aa, mchanganyiko wa jasho, mafuta ya ngozi na vumbi. Utando huu, ambao hakuna anayeutazama, ndio unaosababisha mikanda mingi kurudi kivivu. Lowesha kitambaa chembamba kwa spiriti ya kusafishia vidonda, kipitishe kwenye mwanya na uvute huku na huku mpaka plastiki au chuma kirudie rangi yake. Usipake mafuta, wala grisi, wala dawa ya kupulizia yenye silikoni, kwa kuwa hivyo vyote hukamata vumbi jipya, na ndani ya juma chache utakuwa umerudi ulipoanzia.

Ukiona utepe umegeuka upande ndani ya ulimi, yaani kile kipande cha chuma kinachoingia kwenye kifungio, huna haja ya kufungua bolti. Shusha ulimi hadi karibu na sakafu, kunja utepe juu yake kwa mshazari ili upande wa kulia uangukie kushoto, kisha sukuma ulimi upande ukipita juu ya kunjo hilo. Kunjo likipita kwenye tundu, utepe utanyooka wenyewe. Huenda ukahitaji kujaribu zaidi ya mara moja kwa kuwa tundu ni jembamba.

Mkanda unaojifunga ovyo

Kikunjio, yaani kile kifaa kinachouvuta na kuuhifadhi mkanda, kina vihisi viwili. Kimoja hufunga utepe ukivutwa kwa ghafla. Kingine, ambacho aghalabu ni kigololi kidogo ndani ya kikombe, hufunga gari lenyewe likipunguza kasi kwa ghafla au likiinama. Ndiyo maana mtu aliyeegesha kwenye mteremko wa Kololo au Mbuya huvuta mkanda ukagoma. Hiyo si kasoro. Uachie urudi kidogo, kisha uvute taratibu. Ukigoma bado, jifunge gari likiwa mahali palipo sawa.

Kasoro huwa pale mkanda unapogoma hata kwenye uwanja ulio tambarare. Sababu ya kwanza ya kuchunguza ni kama kikunjio kimefungwa kwa pembe yake. Kigololi hakijui kama ni gari lililoinama au ni kikunjio kilichofungwa upande, na fundi wa bodi aliyekirudisha bila kuingiza kijino chake cha chuma cha kukielekeza katika tundu la bodi huweza kuufanya mkanda ugome kila siku. Fungua kifuniko cha plastiki, tazama kama kikunjio kimekaa sawa, na linganisha na cha upande wa pili. Lakini usikifungue kikunjio chenyewe. Ndani mna springi yenye nguvu, na katika magari mengi ya tangu miaka ya mwisho ya 1990 mna pia kikaza mkanda, kifaa kinachouvuta mkanda ukaze gari linapogonga, kinachofanya kazi kwa baruti ndogo.

Kwa sababu ya baruti hiyo, kabla ya kugusa waya wowote wa rangi ya njano karibu na mkanda au chini ya kiti, zima gari, ondoa waya wa betri upande hasi, na usubiri muda ambao kitabu cha gari kimeutaja. Kama hujazoea kazi za umeme wa gari, acha sehemu hii kwa fundi aliyezizoea.

Sponji ya kiti

Mtu mrefu katika MX-5 mara nyingi hupunguza sponji ya kukalia ili ashuke, na mtu mfupi huweka mto ili apande. Yote mawili huhamisha mkanda, na yote mawili yanaweza kusaidia au kudhuru.

Kushuka kwa sentimita mbili au tatu hulirudisha bega la mtu mrefu karibu na usawa ambao mkanda unatokea, na shinikizo la kuvutwa chini hupungua. Fundi wa viti anaweza kuikata sponji kwa chini, akiacha sehemu ya juu yenye umbo la mwili, na akiacha kingo ya mbele, iliyo chini ya mapaja, ikiwa juu kuliko pale makalio yanapokaa. Kingo hiyo ndiyo inayoizuia nyonga kuteleza mbele. Ikiondolewa, kiti huwa cha starehe na cha hatari kwa wakati mmoja.

Kwa mtu mfupi, usitumie mto laini wa sebuleni. Mto laini hubonyea gari linapogonga, na mwili ukishuka mkanda wa nyonga hubaki juu, tumboni. Mwombe fundi aongeze sponji ngumu chini ya ile ya asili, ndani ya kitambaa cha kiti, ili umbo libaki lilelile na lisihame. Katika kiti cha abiria, mwambie atazame kwanza kama kuna kihisi cha uzito chini ya sponji. Asikikate wala kukihamisha.

Na kuhusu vitambaa vya kufunika viti ambavyo wengi wetu tunavipenda: tazama ubavuni mwa egemeo kama kuna kibandiko kinachoonyesha mfuko wa hewa wa pembeni. Kama kipo, kiti kisifunikwe kwa kitambaa cha kushonwa juu yake, kwa maana mfuko hautatoka kwa wakati.

Kifungio

Kifungio kinachokuumiza nyonga au kisichofikika kwa kawaida kimejipinda au kimezama baada ya kiti kuhamishwa. Sogeza kiti nyuma kabisa, kitazame, kisha sogeza mbele. Katika magari mengi kifungio kimefungwa kwenye kiti na kinatembea nacho, na hivyo ndivyo kinavyotakiwa kuwa. Kikigusa mfupa wako, kivishe ala laini ya kitambaa kwenye shina tu, bila kufunika kitufe chekundu. Usilipinde shina la chuma kwa koleo.

Vumbi likiingia ndani, ulimi huingia bila kutoa mlio thabiti. Nyonya vumbi kwa mashine au lipulize kwa pampu ya hewa ya gereji, kisha ingiza na kutoa ulimi mara nyingi. Ulimi ukitoka hata mara moja bila kubonyezwa kitufe, kifungio hicho hakifai tena.

Vitu vya kukataa

Vibanio vinavyozuia mkanda usirudi huuzwa kama starehe, na kazi yake yote ni kutengeneza ulegevu. Ndimi bandia za kunyamazisha mlio wa onyo hazina matumizi mengine ila kumdanganya askari wa trafiki, na kanuni za uvaaji wa mikanda za mwaka 2004 zinamtaka dereva aufunge mkanda, si kunyamazisha mlio. Virefusho vya mkanda vifungwe na yule tu ambaye mkanda wa asili haumtoshi kabisa, na viwe vya mtengenezaji wa gari hilo.

Ala ya bega haina ubaya ikiwa nyembamba, laini, na inateleza kwenye utepe bila kuufunga. Ile nene yenye sponji huinua mkanda kutoka mwilini, na ikikwama kwenye kishikio cha kiti huuzuia mkanda usirudi. Kama baada ya kuosha mkanda na kurekebisha kiti bado ngozi yako inakwaruzwa, shati lenye kola huwa bora kuliko ala yoyote.

Mikanda ya mashindano

Wapo wanaofunga mikanda ya nukta nne kwa kuwa inaonekana imara na imezoeleka katika viwanja vya mbio za magari vya Busika na Garuga. Kwenye barabara ya kawaida ninaikataza kwa sababu zinazoeleweka. Mkanda wa nukta nne usio na kamba ya kupita kati ya miguu huvuta mkanda wa nyonga kwenda juu pale kamba za mabegani zinapokazwa, na mtu huteleza chini yake. Kamba za mabegani zikifungwa sakafuni nyuma ya kiti hubana uti wa mgongo gari likigonga. Zinatakiwa ziende nyuma karibu na usawa, zikishuka kidogo tu. Zaidi ya hayo, katika gari la paa la kitambaa lisilo na mabomba ya kukinga, mikanda hiyo humshikilia mtu akiwa wima pale gari linapopinduka, kichwa chake kikiwa ndicho kitu kilicho juu kuliko vyote. Ukienda uwanjani na gari lililokamilika kwa mabomba, kiti na mikanda yenye kibandiko cha FIA, shirikisho la kimataifa la mbio za magari, kisichopitwa na tarehe, hilo ni jambo jingine; lakini mkanda wa asili ubaki garini kwa safari ya kurudi nyumbani.

Kiti cha mashindano nacho kina sharti lake. Kingo zake za pembeni ni ndefu, na mkanda wa kawaida ukipita juu yake badala ya kupita katika tundu la ubavuni hautagusa nyonga kabisa.

Mavazi na abiria

Siku ya kwanjula, yaani sherehe ya utambulisho kabla ya ndoa, abiria aliyevaa gomesi, vazi la kike la Kiganda, hukabiliwa na kitambaa kingi kiunoni na fundo la mshipi mbele. Mkanda wa nyonga usipite juu ya fundo. Asogeze fundo pembeni, anyooshe mikunjo ya kitambaa mapajani, apitishe mkanda chini, juu ya nyonga, kisha auvute mkanda wa bega kwenda juu ili ulegevu uishe. Ncha iliyosimama ya bega la gomesi ilazwe chini ya utepe, vinginevyo mkanda utaiparamia na kuteleza shingoni. Aliyevaa kanzu na koti afungue vifungo vya koti, mkanda wa nyonga upite ndani ya koti, na simu na funguo zitoke mfukoni.

Mama mjamzito aweke mkanda wa chini chini kabisa ya tumbo, na ule wa juu upite kati ya matiti na kushuka pembeni mwa tumbo. Mtoto mchanga katika kiti kinachotazama nyuma asiwekwe kamwe mbele ya mfuko wa hewa unaofanya kazi; baadhi ya magari ya viti viwili yana swichi ya kuuzima, na kama la kwako halina, mtoto asafiri katika gari jingine.

Ikibidi kununua mwingine

Mkanda uliokatika nyuzi kingoni, uliopauka hadi kuwa mgumu, au uliowahi kuvaliwa katika ajali kubwa hausafishwi wala haushonwi, hubadilishwa. Ukinunua uliotumika, vuta utepe wote papo hapo dukani. Tafuta mawimbi au mistari iliyoyeyuka kwa msuguano karibu na ulimi na karibu na pete: hizo ni alama kwamba ulishambeba mtu katika ajali. Kikunjio kisichotoa utepe kabisa huenda kikaza chake kimeshafyatuka. Tazama pia kibandiko cha tarehe ya kutengenezwa, kilichoshonwa chini karibu na bolti, na uhakikishe ni wa modeli na upande uleule.

Dai bolti zake za asili. Bolti za mikanda katika magari mengi, yakiwemo ya Kijapani, zina uzi wa inchi 7/16 wenye meno 20 kwa inchi, wakati bolti nyingine za gari ni za milimita. Fundi asiyelijua hilo huchukua bolti ya milimita 10, ambayo hulegea, au hulazimisha ya 12, ambayo huharibu uzi wa bodi. Ikaze kwa mkono kwanza mizunguko kadhaa. Ikigoma mapema, itoe. Mwisho ikazwe kwa spana yenye kipimo, kwa nguvu iliyoandikwa katika kitabu cha gari.

Kazi ikimalizika, keti kama ulivyojipanga, funga mkanda, na uvute kipande cha bega kwa ghafla mara tatu: kila mara kigome. Kiachie, na kirudi chenyewe hadi kiguse kifua. Kisha, mahali pasipo na watu wala magari, endesha kwa mwendo wa mtu anayetembea na ukanyage breki kwa nguvu; mkanda ukushike. Taa ya onyo la mfuko wa hewa iwake unapowasha gari na izime baada ya sekunde chache. Isipozima, au isipowaka kabisa, kikaza mkanda huenda hakimo katika mzunguko wa umeme, na gari lirudi kwa fundi kabla ya safari ndefu.